Kiboko Aliyezoea Kuitwa

Watu wakinisikia nikisema niliwahi kuajiriwa kulisha kiboko, kwanza hucheka, halafu huuliza kama alikuwa ananuka. Alinuka, ndiyo. Hata wao wangefungiwa kwenye bwawa la saruji lililojengwa kwa ajili ya watoto wa wageni kuogelea, na maji yakabadilishwa siku mwenye hoteli alipokumbuka, wangenuka vilevile. Mnyama aliyeumbwa kulala mtoni mchana na kutembea nyasini usiku alikuwa na nafasi ya hatua kumi na moja, kisha ageuke. Nilizihesabu mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Hoteli yenyewe ilikuwa Homa Bay, kando ya ziwa, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi ni mtu wa Migori. Nilikulia Osiri nikiponda mawe ya dhahabu na mama yangu, nikaolewa na mvuvi wa Homa Bay, na huyo mvuvi akafa kwa malaria kabla hatujapata mtoto. Nikaingia hotelini kufua mashuka. Siku moja mwenye hoteli, mtu wa Rongo aliyetajirika kwa malori ya miwa, alifika na kitoto cha kiboko nyuma ya pikapu, kimefungwa kamba na kufunikwa gunia lililoloa. Mama yake alikuwa amepigwa risasi huko Nyatike, karibu na mdomo wa Mto Kuja, kwa kosa la kuingia kwenye mahindi ya watu. Tajiri alitutazama sote tuliokuwa uani, akaninyooshea kidole.

"Wewe hauna mtoto. Utalea hii."

Aliyasema hayo mbele ya wapishi na walinzi. Nilikuwa na beseni la maji ya sabuni mkononi na nilitamani kummwagia. Lakini kile kitoto kilikuwa kinatetemeka na kunyonya hewa, nikaweka beseni chini, nikaenda jikoni kutafuta maziwa.

Nilimlea kwa maziwa na uji mwembamba, baadaye majani ya viazi, kabeji zilizoanza kuoza sokoni, na machicha niliyoomba kwa kina mama wapika pombe ya busaa. Jua lilipompasua ngozi nilimpaka mafuta ya kupikia. Alipotoa lile jasho lao jekundu, wageni walipiga mayowe kwamba anavuja damu, nami niliwaambia nyamazeni, hata nyinyi mnatoka jasho. Soko zima lilianza kuniita Min Rao, yaani mama wa kiboko. Nilikasirika mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili nilikuwa naitika.

Maji ya bwawa yalikuwa ya kijani kibichi, hata akiwa karibu nawe humwoni. Nilikuwa na kasia la marehemu mume wangu, limekaa tu nyumbani, nikaanza kulibeba kazini. Nilipiga maji mara tatu, naye akaibuka palepale penye kishindo, mdomo wazi, nikamtupia chakula ndani. Alijifunza kwa siku mbili. Akishamaliza aliegemeza kidevu kwenye ukingo wa bwawa, akaniangalia. Tajiri alipoona hivyo aliona riziki. Tangu hapo maharusi wa Jumapili na watu wa semina kutoka Nairobi walikuwa wakipanga mstari kupiga maji kwa kasia langu na kupigwa picha na lile domo. Hata wavuvi waliokuja kunywa soda walipenda kujaribu, na wao walipiga vizuri kuliko sisi sote, maana ndiyo kazi yao. Huku kwetu wavu hutandazwa kando ya matete, kisha mmoja wenu anapiga maji kwa kasia ili samaki washtuke wakimbilie wavuni. Serikali imekataza, na kila mtu anafanya.

Nayaandika haya polepole kwa sababu kila kitu kilikuwa mbele ya macho yetu.

Mwaka wa nne barua ilikuja kutoka kwa wakubwa wa wanyamapori: kiboko arudishwe alikotoka. Tajiri alitukana siku nzima. Mimi nilifurahi kuliko siku ya arusi yangu, na sisemi hivyo kumdharau marehemu. Nilikuwa nimechoka kumwona akigeuka baada ya hatua kumi na moja. Nilitaka kitu kimoja tu, afe akiwa mzee, mtoni, pamoja na wenzake, awe amesahau hata sura yangu.

Walimleta daktari wa mifugo, kijana mpole kutoka mbali, mwenye kuongea kwa adabu. Alitoa masharti. Hakuna kumshika. Hakuna kuongea naye. Hakuna kabeji tena, ni nyasi tu, tena zimwagwe usiku asijue zimeletwa na nani. Niliyafuata yote, nikapita kando ya bwawa nimefunga mdomo, naye ananifuata ukingoni akipuliza maji. Nililia jikoni, wapishi wakanicheka. Lakini ilibidi apimwe, adungwe sindano, na mwisho aingizwe kwenye sanduku kubwa la mbao, na kila mara daktari alinigeukia.

"Mama, hebu muite kidogo."

Nilipiga maji na kiboko akaja. Alipoingia kwenye sanduku bila kamba wala vurugu, daktari alinishika bega akasema, "Mama, kusema ukweli, daktari hapa ni wewe." Nilivimba kichwa kwa sifa hizo. Sijawahi kujisamehe kwa jinsi nilivyotabasamu.

Lori lilipita Rongo, likapita Migori mjini watu wakiwa wamejaa barabarani, likateremka hadi mdomo wa Kuja. Sanduku lilifunguliwa likiangalia mto. Hakutoka. Tulingoja hadi jua likawa kali, maafisa wakaanza kunung'unika. Daktari akaniangalia, nami sikungoja aseme. Nilivua viatu, nikaingia majini hadi magotini, nikapiga kasia mara tatu. Akatoka akaja kwangu. Nikarudi nyuma, nikapiga tena mbele zaidi, hadi akazama. Wavuvi wa pale walikuwa wamesimama ufukweni wakishangilia, kila mmoja na kasia lake mkononi. Hakuna aliyewaza lolote, wala daktari na shule zake, wala wao, wala mimi niliyelala na mvuvi kitanda kimoja.

Niliruhusiwa kukaa wiki mbili nikimwangalia kwa mbali. Siku ya tatu alilifuata kundi la viboko, na dume lao likamrarua paja. Alijitenga kwenye mafunjo, akawa analala peke yake, anakula peke yake. Daktari alisema tumpe muda, wanyama si watu. Nilimwambia watu ndio wangempokea vibaya zaidi, tukacheka kidogo. Kisha nikarudi Homa Bay kwa mashuka yangu, na kila usiku nilijiambia kwamba paja limepona na dume limemzoea. Sikuwa na habari yoyote ya kunithibitishia hivyo.

Baadaye magugu maji yakaja. Aliyekuwa Homa Bay miaka ile anajua, uliamka ziwa halipo, pana shamba la kijani hadi upeo wa macho. Mitumbwi ilikwama, samaki wakaadimika, wavuvi wakajazana popote palipobaki maji wazi, na mdomo wa Kuja ulikuwa na mkondo wa kuyasukuma magugu. Muuza samaki mmoja alitoka huko akiwa na habari ya kuchekesha.

"Min Rao, hiyo kitu yenu huko inakuja kwa boti ikifungua mdomo. Inaomba chakula kama mlevi! Vijana wanairushia mihogo."

Wote pale sokoni walicheka. Mimi nilikaa chini juu ya gunia la mtu. Nilielewa yote papo hapo.

Nilienda ofisini kwa maafisa. Daktari alikuwa amehamishwa, na aliyekuwepo aliandika nilichosema kwenye karatasi, akaweka karatasi juu ya karatasi nyingine. Nikapanda gari hadi ufukweni kwenyewe, nikawakuta wavuvi wanatengeneza nyavu, nikawaomba kwa Dholuo na kwa Kiswahili waache kupiga maji. Niliwaambia anadhani mnamwita. Walinisikiliza kwa heshima, sina la kuwalaumu. Mkubwa wao aliuliza swali moja.

"Sasa mama, tusipige maji, watoto wakule nini?"

Niliingia kwenye mafunjo na mtu mmoja anionyeshe, nikamwona. Alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika, lile jeraha la paja limepona vibaya. Nilitamani kumwita. Nilijizuia, nikajisifu moyoni kwa kujizuia, kana kwamba bado kuna kilichobaki cha kuokoa.

Haikupita miezi miwili. Mtumbwi wa vijana wawili ulikuwa kwenye matete, mmoja akapiga maji, kiboko akaibuka. Hawakuwa na chakula. Akaegemeza kidevu ukingoni mwa mtumbwi, kama alivyozoea ukingo wa bwawa, na mtumbwi ukapinduka. Sikuwepo, lakini sihitaji kusimuliwa. Mmoja aliogelea. Mwingine, aliyekuwa ameoa mwaka huohuo, alinasa kwenye wavu wao wenyewe, akatolewa baada ya siku mbili.

Maafisa walinifuata hotelini na gari. Walikuwa wamemsaka wiki nzima bila kumwona, na wananchi walikuwa wamechoka kungoja.

"Mama, amri imetoka," mkubwa wao alisema. "Tukikosa hiyo yenu, tutapiga yoyote tutakayoona. Hata wale wa kundi. Kwa hivyo ni wewe."

Nilimtukana. Nilimwambia mambo ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi kumwambia mtu mwenye bunduki. Nilipomaliza akafungua mlango wa gari. Nilichukua kasia, nikapanda.

Tulifika saa nne asubuhi. Ufuko ulikuwa umejaa, wengine tayari wana mabeseni na mapanga ya nyama. Nilisimama majini hadi magotini. Mwenye bunduki alipiga goti nyuma yangu, upande wa kulia. Nilijiambia labda amekwenda mbali. Labda amefuata mto, labda dume lile limemwua, labda safari hii atakataa. Nilipiga maji mara moja. Hakungoja mara ya pili. Maji yalitikisika pembeni ya mafunjo na akaja kwa haraka kuliko alivyowahi kuja bwawani, akaibuka mbele yangu, mdomo wazi kabisa, akangoja nimtupie.

Mlio ulinipiga masikioni. Sikuanguka. Nilibaki nimesimama hadi watu walipoanza kunipita kwa mbio kuingia majini, wakinisukuma bila kukusudia.

Nilipotoka, mwanamke mmoja mzee alikuwa ananingoja kwenye mchanga, amefunga kitambaa cheusi kiunoni, ameshikwa mkono na mwanamke kijana mwenye mimba. Sikuambiwa ni nani, wala sikuuliza. Alinishika mikono yote miwili pamoja na kasia.

"Nyathina," aliniita, mtoto wangu. "Erokamano, asante sana. Wanaume wote hawa walishindwa, na wewe umekuja kutoka mbali, mwanamke peke yako, umemwita huyo aliyeniulia mtoto. Umefanya aje? Nani alikufundisha kumwita?"

Mkwe wake alikuwa ananitazama, akingoja jibu. Mdomo wangu ulifunguka. Nilikuwa na maneno, tena mengi, mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema mbele ya tajiri wala mbele ya bunduki.

"Ni Mungu tu, mama," nikasema. "Pole sana."

Akanibariki, akaniwekea mkono kichwani, nami nikainama ili anifikie vizuri.