Picha Isiyo na Gari

LaVonne Kucera ameendesha basi la shule la Brodek, Nebraska, miaka thelathini na mmoja, na sijasikia siku hata moja amezidisha maili arobaini kwa saa. Ukijikuta nyuma yake asubuhi nawe una haraka, utalia. Mimi nimelia. Napika jikoni pale shuleni, na mara ngapi nimefika saa imekwenda, mayai ya watoto bado mabichi, kisa lile basi la njano linajikokota mbele yangu kama linasindikiza maiti.

Sasa mwanamke huyo huyo, kila Septemba, huomba ruhusa ya wiki moja, akafungua ghala lake na kutoa steshen wagon ya mwaka 1968, rangi ya siagi, ambayo akikanyaga mafuta, kuku wa jirani hawatagi siku mbili. Hapo ndipo anapoondoka kwenda kwenye mbio za siku tano.

Mbio zenyewe ni hivi. Asubuhi mnapangwa wawili wawili, taa ikiwa kijani mnafyatuka robo maili, unapewa kikaratasi cha muda wako, unakikabidhi mezani. Mchana unalipeleka gari lile lile, kwa vijibarabara vya mashambani, mpaka kiwanja kinachofuata, maili mia mbili na ushei. Hakuna lori la kukufuata nyuma. Spana zako mwenyewe, jasho lako mwenyewe. Na njiani kuna kituo, ambapo lazima upige picha ya gari lako mbele ya kitu walichokitaja. Ukikosa kikaratasi kimoja au picha moja, umetoka.

LaVonne alikuwa ametoka mara sita. Mwaka mmoja pistoni imetoboka, mwaka wa pili rejeta imepasuka, mwaka mwingine ekseli. Na kila akirudi, Jumatatu asubuhi, watoto wanapiga kelele kabla hawajakaa: "Bi LaVonne, umemaliza?" Naye anawatazama kwenye kioo na kusema, "Bado."

Mwezi wa tano anastaafu. Alikuja jikoni kwangu, akachukua kolache, ule mkate mtamu wa Kicheki wenye jamu ya aprikoti, bila kuuliza, kama kawaida yake, akasema, "Shoga, ushindi siutaki. Nataka niwaambie ndiyo. Mara moja tu, kabla sijaliacha lile basi."

Mwenzake wa safari alikuwa dada yake, lakini dada amepasuliwa goti. Kwa hiyo akanitaka mimi.

"Kazi yako ramani, maji ya kunywa, na picha," alisema. "Picha unaweza?"

"Dada, mimi nimepiga picha harusi tatu kwetu Muheza."

"Basi umepita, Hawa. Lete na mto wa kukalia."

Jamani, nani angeniambia kwamba ningeipenda ile safari! Asubuhi ni kishindo na moshi wa matairi mpaka masikio yanauma. Lakini mchana, barabarani, ilikuwa kama nimelala macho wazi. Mahindi yamekauka rangi ya dhahabu kushoto na kulia, hayana mwisho. Ghala moja la nafaka linatokea mbali, tunalifuata nusu saa, halisogei, halafu ghafla liko nyuma. Joto la injini linapanda miguuni, madirisha wazi, mtandio wangu unapepea, na LaVonne anaimba nyimbo za kanisani kwa Kicheki cha bibi yake, nusu ya maneno ameyasahau. Watu wameketi kwenye viti vya kukunja mbele ya nyumba zao wakitupungia. Nilikuwa sijui leo ni siku gani, wala sikutaka kuambiwa.

Na huko ndiko nilikoharibia.

Siku ya nne kituo kilikuwa mnara wa maji wa mji mdogo uitwao Ferris Creek, Kansas. Tulipofika LaVonne alifunua boneti aongeze maji. Mimi nikavuka barabara na simu yangu. Mnara mweupe umesimama juu ya mahindi, na kijiwingu kimoja kimekaa kichwani pake. Nilichutama, nikasogea, nikangoja kijiwingu kikae sawa. Nikapiga. Nikarudi garini moyo wangu mweupe kabisa.

Maili sabini baadaye tukasimama kujaza mafuta. Hapo tukamkuta Orrin, mzee wa Oklahoma mwenye ndevu mpaka kifuani, ambaye gari lake jeusi hupangwa na letu.

"Mama Basi! Bado mnatambaa?" akatania. "Nionyesheni mnara wenu."

Nikampa simu kwa madaha. Akaiangalia, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Loo, picha imetulia," alisema. "Gari liko wapi?"

Nikamnyang'anya simu. Gari halikuwemo. Hata tairi.

Nikaanza kulia pale pale, mtu mzima mimi. Miaka saba ya mwanamke wa watu, halafu nimeiua kwa ajili ya wingu! LaVonne aliiangalia picha. Kisha akakifunga kifuniko cha tangi.

"Panda gari."

"Dada, ni maili sabini kurudi na sabini kuja. Na giaboksi imeanza kulia tangu asubuhi, wewe mwenyewe umeisikia."

"Nimeisikia. Panda. Na machozi weka akiba, Hawa, mimi nashinda na watoto sitini kila siku."

Tukarudi njia ile ile. Jua lilikuwa limelegea, na mahindi yale yale sasa yalikuwa na rangi nyingine, kama nchi tusiyowahi kupita. LaVonne hakuimba. Tukapita kwa wale wale wa viti vya kukunja, wakatupungia tena kwa mashaka kidogo.

"Hujaniuliza kwa nini basi naliendesha pole pole," alisema baadaye.

"Naogopa kuuliza. Nimekutukana sana nyuma ya lile basi."

Akacheka. "Mle nina watoto wa watu. Humu nina nafsi yangu tu. Na wewe, lakini wewe umejitakia."

Nilimpenda sana mwanamke yule saa ile, nasema kweli.

Safari hii aliliegesha gari mwenyewe chini ya mnara, akamsimamisha mkulima mmoja atupige picha. Mnara, gari, LaVonne, na mimi macho mekundu. Wingu lilikuwa limekwenda zake.

Giaboksi ilikufa asubuhi ya tano, tukiingia kiwanja cha mwisho. Ilibaki gia moja, ya kwanza. LaVonne akaja uzioni nilipokuwa.

"Kanuni inasema nivuke mstari na nipewe kikaratasi," alisema. "Haisemi kwa muda gani. Wewe omba dua zako."

Nikaomba. Taa ikawa kijani. Orrin akapotea kwa sekunde tisa, moshi tu ukabaki. Na steshen wagon rangi ya siagi ikatoka inanguruma, inakwenda kwa mwendo wa mtu anayetafuta maegesho. Mtangazaji akasema, "Mabibi na mabwana, nadhani leo watoto watachelewa shule." Watu wakaangua kicheko, halafu wakaanza kusimama, jukwaa zima, wakipiga makofi. LaVonne alitazama mbele tu, mikono miwili kwenye usukani kama basini. Sekunde thelathini na nane.

Mezani walihesabu vikaratasi vitano. Wakaangalia picha zote, ule mnara wakauangalia mara mbili. Wakampa stika ndogo ya waliomaliza. Aliishika kwa ncha za vidole, asijue aiweke wapi.

Jumatatu gari langu nililiacha nyumbani makusudi. Nilipanda basi, nikakaa kiti cha nyuma kabisa. Walipokwisha ingia wote, wakaanza: "Bi LaVonne, umemaliza?"

Hakutazama kioo. Alivuta breki ya mkono, akasimama, akawageukia.

"Ndiyo," alisema.

Basi lilitaka kupaa kwa kelele. Binti mmoja wa kiti cha mbele akauliza, "Ulikwenda kasi sana?"

"Polepole kuliko basi hili."

Hakuna aliyeamini hata mmoja. Walicheka mpaka wakashika matumbo, naye akacheka nao, huku anajifuta macho kwa kiganja. Kisha akakaa, akafunga mkanda, akaondoka kwa maili zake thelathini. Nyuma yetu magari saba yalikuwa yamepangana yakitungoja. Mimi nililia njia nzima mpaka shuleni, na wala sikuwa na haraka.