Meno ya Mshumaa

Nitawaambia, lakini msicheke kabla sijamaliza, maana jambo hili nimelificha miaka mingi na hata mke wangu alilisikia kutoka kwa dada yangu, si kwangu: mimi huyu mnayeniona, mtu mzima ninayetengeneza na kung'oa watu meno, siku ya kwanza nilipokwenda kuomba nafasi ya kusomea kazi hii niliumbuka mbele ya vijana wenzangu kumi na mmoja, karani, daktari Mzungu na foleni nzima ya wagonjwa, na aibu yenyewe niliitengeneza kwa mikono yangu miwili, kwa wembe.

Ilikuwa miaka ya hamsini na kitu, nimetoka shule ya bweni na cheti ambacho ukikisoma haraka kinapendeza. Ukikisoma polepole unakuta Kiswahili nimepita, historia nimepita, biolojia nimepita kwa kuvutwa mkono, fizikia nimeanguka, na kemia nimeanguka hadi mwalimu akaniuliza kama siku ya mtihani nilikuwa nyumbani. Sasa kukatoka tangazo kwamba kuna vijana wachache watakaopelekwa Nairobi kusomea kazi ya meno, na wanaojua Kikipsigis na Kiingereza waombe. Nikaomba. Nikaitwa. Baba, aliyekuwa akichuma majani chai kwenye shamba la Wazungu na Jumapili ni mzee wa kanisa pale karibu na Litein, alisimama mbele ya waumini akasema mwanawe Kiprono anakwenda kuwa daktari wa meno. Hakusema anakwenda kujaribu, alisema anakwenda kuwa. Kuanzia Jumatatu majirani wakawa wanakuja nyumbani kunifunulia midomo.

Kwa hivyo mnaona nilipokuwa. Nikikosa nafasi, kuna kikapu cha kuchumia majani kinaningoja, na Baba atalazimika kusimama tena kanisani.

Halafu kulikuwa na pengo. Sisi Wakipsigis, siku zile, mtoto aling'olewa meno mawili ya chini, yale ya mbele kabisa, na yangu yaliondoka mikononi mwa kogo, mama yake Baba, siku Baba alipokuwa kazini (alirudi akakuta kazi imekwisha na kogo anapika). Nyumbani kila mtu alikuwa nalo hilo pengo, na sikuwahi kuliwaza. Lakini wiki ile ya kungoja nilianza kulitazama kwenye kioo, nikajiuliza nani atampa kazi ya meno mtu asiye na meno, si ni sawa na fundi cherehani kuja na suruali iliyoraruka? Alama siwezi kubadilisha, nikajiambia, lakini mdomo naweza.

Basi nikaenda dukani kwa Mama Wangari, yule mfanyabiashara Mkikuyu pale sokoni, nikaomba mshumaa mmoja.

"Mchana kweupe, mshumaa wa nini?"

"Wa kusomea, Mama."

"Ngai! Kumbe bado unasoma," akasema, akanichagulia ulionyooka.

Nikauchonga. Meno ya kwanza yalitoka kama ya ng'ombe, ya pili nikayavunja, ya tatu nikayachonga taratibu, nikayapaka chai ya jana iliyopoa ili yasiwe meupe kuliko mengine, nikayabana pale kwenye pengo, nikajitazama. Jamani! Nilikuwa kijana mzuri. Nikayajaribu kwa maji ya mtungi, yakashika. Nikayajaribu kwa mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, yakashika. Nikaona hapo nimefanya utafiti wa kisayansi wa kutosha (sasa mnaelewa kwa nini nilianguka).

Siku ya siku nilipanda lori la majani chai hadi Kericho, mdomo nimeufunga kwa sababu ya baridi na vumbi, na huko nikawakuta vijana kumi na mmoja kwenye baraza la hospitali, wengi wao na mapengo yao wakicheka bila wasiwasi. Niliwahurumia. Wallahi niliwahurumia!

Daktari mwenyewe watu walimwita Bwana Koleo. Aliniita ndani nikiwa wa kwanza, akaona mdomo wangu kabla ya kuona cheti changu, akainuka kwenye kiti.

"Oh! Meno mzuri! Hii yote ni yako?"

Hapo ndipo ningeweza kujiokoa. Badala yake nikasema, "Ndiyo, Daktari. Baba ni Mkristo, alikataa mambo ya zamani."

Bwana Koleo akafurahi, akakiweka cheti kando bila kukifungua (moyo wangu uliruka kama ndama), akasema, "Mzuri sana. Tunakunywa chai, halafu wewe nakaa kwa kiti, watu yote naangalia meno yako."

Chai. Hilo sikuwa nimelipanga. Karani wake, Bwana Njuguna, mtu wa tai na suti, akaleta vikombe vinavyotoa moshi, nikasema asante, nimeshiba.

"Umeshiba chai?" akaniuliza. "Hapa Kericho? Kijana, wewe ni mgonjwa?"

Daktari naye akawa ananitazama, na nyinyi mnajua huwezi kukataa chai ya mtu mbele yake ukabaki na adabu. Nikanywa kidogo, kwa pembeni. Kitu kikalegea. Nikanywa tena maana bado wananitazama, na sasa nikasikia ladha ya mshumaa na jino moja likilala taratibu juu ya jirani yake, nikaufunga mdomo kama mfuko wa unga.

"Umesema kwenu ni wapi?" akauliza Bwana Njuguna.

"Mm," nikasema, nikaonyesha dirishani.

"Dirishani?"

"Mm."

Wakanipeleka kwenye kile kiti kikubwa. Vijana kumi na mmoja wakaitwa ndani, wagonjwa wa foleni wakajaa mlangoni, na Bwana Koleo akawaambia waje waone mdomo uliotunzwa unavyokuwa. "Fungua."

Nikatikisa kichwa.

"Fungua, hakuna kuogopa," akasema Bwana Njuguna. "Leo hang'oi."

Nikafungua. Jino moja lilikuwa limelala kama mlevi, na la pili limeteleza chini ya ulimi. Bwana Koleo akasita, akachukua kibanio chake kidogo, akalishika lile la kwanza, akavuta, nalo likaja, likaja, likawa uzi, akarudi nyuma hatua moja uzi nao ukamfuata, mpaka ukakatika. Akainusa ile nta.

"Mshumaa," akasema.

Bibi mmoja kutoka Ndanai, aliyekuwa ameshika shavu lake mlangoni, akauliza kwa sauti, "Huyu ni mgonjwa ama ni taktari?"

Jamani, walicheka! Walicheka vijana, walicheka wagonjwa, bibi mwenyewe alicheka hadi jino lake likamkumbusha kilichomleta. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na kile kiti.

Bwana Koleo peke yake hakucheka. Alikifungua cheti changu, akasoma. "Fizikia, anguka. Kemia, anguka." Akaitazama nta, akanitazama mimi. "Sasa mimi naamini hii karatasi."

Kisha akaniambia niteme la pili. Hilo lilikuwa bado na umbo lake. Akaligeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha muda mrefu. "Nani nachonga hii?"

"Mimi, Daktari. Kwa wembe."

"Mkono mzuri," akasema. "Mdomo mwongo." Akaniashiria niondoke.

Bwana Njuguna alinisindikiza barazani. Alisema polepole, bila dharau, "Mtu akikufungulia mdomo amekuamini, kijana. Rudi mwaka ujao na fizikia, na mdomo wako mwenyewe. Mficha uchi hazai."

Nyumbani nilimkuta Mama peke yake. Nilimweleza yote, naye alicheka hadi akashika mbavu, hadi akaketi chini, na mimi nikaanza kucheka naye. Halafu akajifuta machozi.

"Kiprono," akasema, "kwa hivyo ulikuwa unaficha mdomo wetu?"

Nikatazama pengo lake, lililonichekea tangu nizaliwe. Kicheko cha hospitali kiliniuma siku chache, lakini swali hilo linaniuma hadi leo. Jumapili Baba alisimama kanisani mwenyewe, akasema nafasi haijapatikana, akaketi. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Mwaka ule nilichuma majani chai kutwa na kusoma fizikia jioni, nikarudia mtihani, nikarudi Kericho na pengo langu. Na nimeapa, tangu hapo, sijapendezesha mdomo wangu kwa kitu chochote, wala maneno wala nta, na simshauri mtu afanye hivyo.

Bwana Koleo alinikumbuka mara moja. Bwana Njuguna alikuwa ndiyo kwanza anachana bahasha ya matokeo yangu.

"Daktari," nikasema, "fizikia nimepita. Kemia nimeanguka tena."

Akanitazama kidogo, akachukua kalamu, akaandika jina langu kwenye orodha ya Nairobi kabla karatasi haijatoka kwenye bahasha.