Mlango wa Sentimita Sitini

Saa moja asubuhi, Mama Chokaa amepiga magoti kwenye kiwanja kitupu. Mkono mmoja umeshika futi ya kupimia, mwingine kopo lililotobolewa chini. Chokaa inamwagika mstari mweupe juu ya udongo, inakatika kidogo, inaendelea. Hapo ilipokatika ni mlango.

"Ingieni," anawaambia wenye nyumba. "Lakini kwa mlangoni. Ukipita ukutani nakurudisha."

Ana miaka arobaini na tisa, na ishirini na moja kati ya hiyo ameitumia kuchora ramani za nyumba. Kabla ya kukamilisha mchoro, huichora nyumba nzima ardhini kwa ukubwa wake halisi, kisha huwaita wote watakaolala humo, hadi anayenyonya.

"Karatasi inadanganya," anasema. "Kwenye karatasi kila chumba ni ukumbi. Hapa chini unanyoosha mikono unagusa kuta mbili. Bora ushtuke kwenye chokaa kuliko kwenye tofali."

Leo bosi mwenye kiwanja amekuja na mkewe na mama yake mzazi, mwenye miaka sabini na minane, anayetembea kwa kuegemea fremu ya chuma.

"Nyumba hii namjengea mama," bosi anatangaza.

Ameagiza ngazi ya kujipinda mara mbili, sebule yenye dari ya ghorofa mbili na maegesho ya magari matatu. Chumba cha mama kiko nyuma ya jiko. Ngazi imekula nafasi, hivyo mlango wa bafu lake lenye choo umebaki sentimita sitini, na bosi amekataa ngazi isiguswe.

Bibi anajikokota hadi kwenye bafu la chokaa. Fremu inagonga mstari kushoto na kulia. Mama Chokaa anaipima: sentimita sitini na sita.

"Atapita ubavu," bosi anasema.

"Ubavu? Na hicho chuma nacho kina ubavu?"

Mke wa bosi anacheka ndani ya mtandio. Bibi hacheki.

"Msigombane, wanangu," anasema taratibu. "Nitakuwa nakunywa maji kidogo."

Mama Chokaa anainuka, anakwenda kwenye ngazi ya kujipinda, na kuifuta kwa soli ya kiatu.

"We mama! Hiyo ni nyumba yangu!"

"Ulisema ni ya mama yako."

Bosi anawapakia mama yake na mkewe garini waondoke. Amedhalilishwa mbele ya familia, anasema. Aombwe radhi, la sivyo atatafuta mchoraji mwingine.

Atampata bila shida. Mwaka jana Mama Chokaa aliletewa ramani arobaini za wenzake azirekebishe. Thelathini na moja zilikuwa na milango ya bafu isiyopitisha kiti cha magurudumu. Zote arobaini zilikuwa na nafasi ya gari ya kutosha kufungua milango yote minne. Gari linapimwa. Mzazi anaambiwa apite ubavu.

"Mama yangu alioga kwenye beseni chumbani miaka sita," anasema, akikung'uta chokaa magotini. "Kiti chake kilikuwa hakiingii bafuni. Unajua nani alichora ile nyumba? Mimi. Ramani yangu ya kwanza. Nilimpa sebule nzuri sana."

Simu inaita. Ni mke wa bosi, kwa sauti ya chini.

"Dada, amepoa. Anasema hata ngazi anaweza kuifikiria. Sema tu samahani, yaishe."

Mama Chokaa anautazama mstari uliosambaratishwa na miguu ya fremu.

"Jumamosi narudi na kopo langu kuchora mlango wa sentimita tisini. Akija, sawa. Asipokuja, niletee mama yake, yeye ndiye nitakayempima. Samahani nilishamwomba mama yangu. Mumeo simwombi."

Anakata simu.