Koko na Bastola ya Papa

Juzi fundi alikuja kurekebisha kufuli la geti letu la chini, hapa Umbilo, Durban. Alitoa kichupa cha mafuta mfukoni, akadondosha matone machache kwenye tundu la ufunguo, akaanza kuuzungusha huku na huku. Mimi nilikuwa napanda ngazi na mfuko wa viazi mkononi. Harufu iliponifikia nikasimama. Ni harufu nyembamba, yenye utamu wa mbali, kama petroli iliyochanganyika na ndizi mbivu. Fundi akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu sijambo, lakini ukweli ni kwamba sikuwa naye tena pale. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, ilikuwa Jumapili, meza yetu ilikuwa imetandikwa gazeti badala ya kitambaa, na Papa, baba yangu, alikuwa anasafisha bastola.

Ngoja nianze na Koko, maana bila yeye hadithi hii haina kichwa.

Koko alikuwa mama yake Papa. Kwetu Uvira, kule Kongo, bibi anaitwa hivyo, koko, na watoto wa Kizulu shuleni, ambao kwao bibi ni gogo, walidhani mimi ndiye nisiyejua kutamka. Papa alimleta Durban ili anilee mimi, mtoto wao wa pekee. Mama alikuwa anahudumia wazee katika nyumba moja kule Glenwood, anatoka alfajiri na kurudi jioni. Papa alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala huko Mobeni, akirudi asubuhi analala mpaka alasiri. Kati ya mmoja kutoka na mwingine kulala, nilibaki na Koko.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa iliyonukia vitunguu na ndagala. Ndagala, wale dagaa waliokaushwa, alikuja nao kutoka ziwani kwao, na siku ya kwanza alipowakaanga jirani wa chini alipanda kutuuliza kama kuna kitu kimekufa. Koko hakuelewa hata neno moja. Alimkaribisha, akamwekea sahani. Yule mama akala akiwa amesimama, kwa adabu tu, kisha akakaa.

Kila mchana alinifuata shuleni. Siku ya kwanza Mama alimwambia, "Mukifika ku roboti, musimame kwanza." Koko alisimama pale kwenye taa za barabarani muda mrefu, anatazama kulia na kushoto, magari yanapita na yeye hasogei. Nikamvuta kitenge. Akaniuliza, "Iko wapi hiyo roboti? Sijaiona kupita." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka, ingawa nilipomweleza hakukubali kabisa kwamba taa tatu juu ya mti wa chuma zinaweza kuitwa jina kubwa vile.

Njiani kulikuwa na nyumba nyingi zenye vibao ukutani, vya makampuni ya ulinzi. Vingine vilichorwa bastola. Koko hakujua kusoma, akawa ananiuliza vimeandikwa nini. Nami, kwa fahari ya mtoto aliyejifunza kusoma juzi, nikamwambia, "Hapa wanasema ukiingia watakuja watu na bunduki." Akanitaka nisome cha nyumba ya pili. Ni hivyohivyo. Cha tatu, hivyohivyo. Tangu siku hiyo tukipita mtaa ule alinishika mkono kwa nguvu, akapunguza sauti, kama mtu anayepita mahali penye msiba. Niliona ni ushamba wa watu wazima waliotoka mbali. Nilimpenda kwa ushamba huo.

Bastola iliingia nyumbani baada ya majambazi kuvamia ghala la kina Papa. Mwenzake alipigwa vibaya, hakurudi tena kazini. Kampuni ikampa Papa mafunzo, ikampa silaha, ikampa na kisanduku cha chuma akifunge ukutani ndani ya kabati la chumbani. Nakumbuka alivyorudi siku hiyo. Papa alikuwa mtu mfupi, mpole, mtu wa kuomba radhi hata anapokanyagwa yeye. Siku hiyo alitembea kama ameongezewa urefu. Wenzake wa Kongo waliokuja Jumapili kunywa chai walimwita *commandant*, yaani kamanda, na yeye akawa anakataa jina hilo huku akitabasamu.

Koko alikuwa anakula Papa alipoiweka mezani kwa mara ya kwanza. Aliinua sahani yake, akatoka nayo hadi kwenye kibaraza kinachotazama barabara, akamalizia ugali wake huko huku upepo ukimpeperusha kilemba. Na toka hapo hakuketi tena kwenye meza ile, hata siku ambazo bastola ilikuwa imefungiwa kabatini. Mama alimbembeleza. Papa alicheka kwanza, kisha akakasirika, kisha akazoea.

Kitu kingine alichokianza ni hiki: mchana, Papa akiwa amelala, Koko aliweka kigoda chake mbele ya mlango wa chumba alimolala. Alikaa pale akichambua maharage au kukata sombe, majani ya mihogo, mgongo umegusa mlango. Nikitoka shule ananivua viatu, ananipa chakula, anarudi kwenye kigoda. Nikitaka tushuke uwanjani nikacheze, anasema si leo. Nilijua anamlindia Papa usingizi. Niliona wivu hata, kwamba mtu mzima mwenye ndevu bado analindwa na mama yake, na mimi nacheza peke yangu na kamba kwenye korido, nikihesabia ukuta.

Kisha ikafika ile Jumapili ya gazeti mezani.

Mama alikuwa kazini. Koko alikuwa jikoni, na nyumba nzima ilinuka mawese na yale mafuta ya bastola kwa pamoja. Papa alikuwa ameifungua vipandevipande, amevifuta, amevirudisha. Nilisimama pembeni yake nikitazama vidole vyake vinavyojua kazi. Akaniona ninavyotazama. Akatoa chombo cha risasi, akakiweka mbali, akachungulia ndani mara mbili kama alivyofundishwa. Halafu akanigeuzia kitako cha bastola.

"Shika, mama," akaniambia, maana hivyo ndivyo alivyoniita akifurahi. "Shika uzoee. Mutoto wa mulinzi hawezi kuogopa chuma."

Ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia. Na baridi. Niliishika kwa mikono miwili, nikaiinua, na kwa kuwa Papa ndiye aliyekuwa mbele yangu, mdomo wa bastola ukamtazama yeye. Aliinua mikono juu kwa mzaha, kama mtu aliyekamatwa.

Koko alitokea mlangoni. Sikumsikia akija. Aliichukua ile bastola mikononi mwangu taratibu sana, kama mtu anayepokea yai, akaiweka chini sakafuni. Kisha akamgeukia Papa, akampiga kofi. Papa alikuwa na mvi tayari. Kofi lile lilisikika mpaka nje, nadhani.

"Mama!" Papa alipiga kelele, amejishika shavu. "Iko tupu! Angalia basi, hamuna kitu ndani!"

"Hata ile ilikuwa tupu," Koko akasema.

"Ile gani?"

Koko alifungua mdomo. Nilimwona. Nilikuwa chini, karibu na miguu yake. Kisha akaufunga.

"Ile gani, Mama? Unasema ile gani?"

"Nimechanganya," akajibu. "Mimi ni muzee. Nimechanganya maneno."

Sombe iliungua jikoni. Hakuna aliyekwenda kuiepua.

Baada ya hapo walizungumza mara chache tu, na kila walipozungumza ilikuwa jambo lilelile. Koko alitaka bastola iondoke ndani ya nyumba yenye mtoto. Papa alimwambia hapa ni Durban, mtu akikuvamia hasubiri umsomee zaburi, na bila ile bastola hana kazi, na bila kazi hakuna nyumba. Alimwomba ampe sababu moja. "Sababu moja tu, Mama, nitakusikia." Koko alisema hana sababu, moyo wake tu haupendi. Nilikuwa nasikiliza kitandani, mlango wazi, jua bado liko dirishani. Nilitamani aseme kitu chochote. Hata mimi niliona anashindwa.

Mwishowe Papa alimkatia tiketi ya basi. Aliwaambia watu kwamba Durban imemchosha mama yake, baridi ya Julai imemwingia magotini. Labda aliamini hivyo. Kofi la mbele ya mtoto lilikuwa limemkaa vibaya, naelewa sasa kwamba alikuwa na aibu, na mtu mpole akiwa na aibu anaweza kuwa mgumu kuliko jiwe. Asubuhi ya safari Koko alinifunga kitenge chake kiunoni, kikanizunguka mara kadhaa. Alimshika Mama mabega, akamwambia, "Kigoda nakuachia wewe." Mama alifikiri anamzawadia kigoda. Akamshukuru.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Nilivalishwa ufunguo shingoni. Nilirudi kutoka shuleni na kundi la watoto wa jengo letu, napanda ngazi, nafungua, nakuta chakula kimefunikwa na Papa anakoroma nyuma ya mlango. Mlango ule ulikuwa hauna mtu. Sikuwahi kuufungua, na siwezi kukueleza ni kwa nini. Huenda kwa sababu mahali pale kwangu palikuwa bado pana Koko amekaa. Niliongea na televisheni. Niliongea na yule jirani wa chini, ambaye alikuwa ananiuliza gogo atarudi lini.

Bastola haikukaa sana baada ya hapo. Alasiri moja, Papa akielekea kazini, vijana walimfuata kutoka kituo cha teksi. Hawakutaka simu wala viatu. Walijua ni mlinzi, walijua ana nini kiunoni, na hicho ndicho walichokitaka. Walimpiga kichwani kwa bastola yake mwenyewe, wakaondoka nayo wakitembea, hawakukimbia hata. Aliporudi kutoka hospitali alikaa kibarazani na bandeji yake siku nzima. Kisha akampigia mama yake simu.

"Haiko tena, Mama," alisema. "Ile kitu haiko tena. Rudia basi huku kwetu."

Sikusikia jibu. Nilimwona tu Papa akilia bila sauti, akiitikia kwa kichwa, kana kwamba mtu wa kwenye simu anaweza kumwona. Koko hakurudi. Magoti, safari zile mpakani, kisha moyo. Tulizeeka kwenye simu, yeye huko, sisi huku.

Alipofariki nilikuwa mtu mzima mwenye kazi yangu, na Papa alikuwa mgonjwa, hakuweza kusafiri. Nikaenda mimi kwenye matanga. Walimzika juu kidogo ya mji, na pembeni ya kaburi lake kulikuwa na jingine dogo, la zamani, limezungushiwa mawe. Nilijua ni la Sadiki, kaka yake Papa, aliyekufa mtoto. Nyumbani tuliambiwa tangu zamani kwamba aliuawa na risasi ya waasi waliokuwa milimani, wakati wa vita vya zamani, Papa akiwa mdogo asiyekumbuka kitu.

Tantine, dada mkubwa wa Papa, alikuwa amesimama nami watu wengine walipokwisha kushuka. Nilimuuliza tu ili kuvunja ukimya, kama waasi walikuwa mbali au karibu siku ile.

"Hakukuwa na waasi siku ile," akasema.

Babu yangu alikuwa amejipatia bunduki kwa ajili ya kulinda nyumba. Aliiweka chini ya kitanda na kumhakikishia mkewe kwamba haina risasi. Watoto wawili wa kiume, Sadiki na Papa, walikuwa wanacheza chumbani. Mdogo hakuwa hata ameng'oka jino. Koko alikuwa nje anaanika mihogo aliposikia mlio. Siku ileile, kabla majirani hawajafika, mume na mke walikubaliana la kusema, na binti yao mkubwa akaapishwa. Yule mdogo hakutoa neno kwa wiki nyingi. Halafu akaanza tena kuongea, na alipoongea akawa anasimulia habari za waasi kama alivyowasikia wakubwa wakisimulia.

"Mama alisema Mungu amemufutia," Tantine akaniambia. "Alisema sisi tusiandike tena."

Basi ndipo nilipokielewa kile kigoda. Alikuwa anatulinda wote wawili, mimi nisiingie chumbani, na Papa asije akaamka siku moja akajikuta tena mtoto, amesimama mbele ya mtu aliyelala chini. Sababu moja aliyoombwa alikuwa nayo ulimini. Angeitamka tu, bastola ingetoka siku hiyohiyo, naye angebaki nasi. Alichagua kuitwa mzee msumbufu, akapanda basi.

Papa sasa ni mzee kweli. Anakaa na mimi hapahapa Umbilo, anaogopa kila mlio, ikipasuka tairi anataka nizime taa. Akiona kwenye habari watu wamepigwa risasi anatikisa kichwa na kusema mama yake aliona mbali, ila angemweleza vizuri angeelewa. Husema hivyo mara kwa mara, na mimi huendelea kumenya viazi.

Niliporudi kutoka Uvira aliniuliza habari za mazishi, nani alikuja, nani hakuja, waliimba nini. Nikamweleza yote. Kisha akauliza, "Na kaburi ya grand frère Sadiki, umeiona? Wangali wanaitunza?"

"Wanaitunza, Papa. Imezungushwa mawe."

"Unajua ni waasi walimuua," akasema.

Alikuwa ananitazama usoni, macho yake yamejaa ukungu wa uzee, na kwa kitambo nilidhani ananiuliza.

"Ndiyo, Papa," nikamwambia. "Najua."