Dakika Mbili za Mama Pasi

Wapo watu wanaoamini kwamba asiyejua kuongea mbele za watu hana la kusema. Watu hao, jamani, hawajawahi kuingia chumba cha kufulia cha hospitali.

Mama Pasi aliingia humo miaka ishirini na miwili iliyopita, na mpaka leo yumo. Kuna mashine tano za kufulia, mbili za kukaushia, na ile pasi kubwa ya kupitishia mashuka iliyompa jina. Zote zikiwashwa, hata mawazo yako mwenyewe huyasikii. Ndiyo maana wafuaji wana namna yao ya kuongea. Unapaza sauti, tena kila jambo unalisema mara mbili: ya kwanza mwenzako ajue anaitwa, ya pili asikie anachoambiwa. "Leta toroli! Leta toroli!" "Maji yamekatika! Yamekatika maji!" Hakuna anayeona ajabu, kazi yenyewe ndivyo inavyotaka.

Basi siku moja wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa akifanya naye kazi meza moja, alitia mkono kwenye furushi la mashuka kutoka wodini, akachomwa na sindano. Sindano iliyokwisha kutumika kwa mgonjwa, ikaachwa kwenye shuka na mtu mwenye haraka zake! Na hizo glovu wanazopewa, heri usivae. Wifi akaanzishiwa dawa za kinga za siku ishirini na nane, asubuhi anatapika, mchana anafua, na muda wote anajiuliza damu yake sasa ina nini. Wala sindano ile haikuwa ya kwanza kuonekana kwenye mashuka. Ilikuwa ya kwanza kuingia nyamani tu.

Mama Pasi akasema hapana, imetosha. Kikao cha wafanyakazi wote kilipofika, alingoja mpaka kipengele cha mwisho, kile cha "mengineyo", ambacho kikifika wakubwa huwa wameshafunga madaftari. Akasimama. Ukumbi umetulia, chini zulia, juu kiyoyozi. Naye, masikini, akaongea kama anavyoongea siku zote.

"Kuna sindano kwenye mashuka! Sindano zimo kwenye mashuka! Tunachomwa! Tunachomwa sisi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkurugenzi akajifanya anaziba masikio. "Taratibu, mama, sisi si viziwi." Wakacheka tena. Mama Pasi alitaka kueleza, vicheko vikamfunika, akakaa. Wiki iliyofuata kumbukumbu za kikao zikabandikwa ubaoni: "Mfanyakazi wa kitengo cha kufulia alichangia kwa hisia." Kwa hisia! Mtu anakwambia mkono umetobolewa, wewe unaandika hisia! Hivi watu hawa walizaliwa au waliokotwa?

Siku ile ya kikao alifika nyumbani analia kwa hasira. Mumewe ni kinyozi, ana kibanda chake hapo hapo mbele ya nyumba.

"Walicheka?" mume akauliza.

"Walicheka. Dada yako anameza madawa, wao wanacheka."

Kinyozi akafuta wembe kwanza. "Mama watoto, ukweli unao. Ila unaongea kama uko juu ya paa."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Kosa ni lao. Lakini ukingoja wao ndio wajirekebishe, utazeeka umesimama. Njoo Jumapili."

Basi Jumapili kwa Jumapili, alasiri, Mama Pasi akawa anasimama mbele ya kioo cha kinyozi, wateja wamefungwa vitambaa shingoni wanasikiliza. Somo lilikuwa fupi: sema mara moja, kisha nyamaza. Lo! Kunyamaza ndiko kulikomtoa jasho. Ulimi wa miaka ishirini na miwili unarudia wenyewe. Kila akirudia, wateja wanainua vidole. Mzee mmoja, kichwa kimenyolewa nusu, akamwambia, "Umerudia tena, mama. Anza upya. Mimi sina haraka, kwani nitatoka hivi niende wapi?"

Alijifunza. Alijifunza kushusha sauti, kumtazama mtu mmoja usoni, kutaja idadi kabla ya lawama. Lakini moyoni alikuwa anachemka. "Yaani mpaka mimi nijue kupendeza," alimwambia mumewe, "ndipo mkono wa dada yako uwe mkono wa mtu?"

Na sindano nazo hazikumngoja amalize masomo. Kila aliyoiona, aliandika tarehe na wodi kwa penseli ukutani. Mwezi wa pili moja ikamchoma mkunja mashuka, baba mmoja mpole aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Kidole gumba. Naye akaanza siku zake ishirini na nane.

Baada ya miezi mitatu kikao kikaitishwa tena. Mengineyo. "Dakika mbili, tafadhali," akasema mkurugenzi huku anakusanya karatasi zake.

"Mkurugenzi," Mama Pasi akasema kwa sauti ya chini, "kwa miezi hii mitatu nimetoa sindano thelathini na moja kwenye mashuka. Mpaka sasa watu wawili wameshachomwa. Naomba kila wodi iwe na maboksi ya kutupia sindano, na mashuka yakaguliwe huko kabla ya kuletwa kwetu."

Mara moja. Akanyamaza.

Safari hii hakucheka mtu. Halafu, sikieni vituko, wakapiga makofi! Mkurugenzi akatabasamu mpaka jino la mwisho. "Huyu ni yule mama wa siku ile? Mama, umeiva! Siku ya wageni wetu wewe ndiye utakayesoma risala." Makofi tena, kana kwamba aliyesimama pale ni mtoto wa chekechea aliyekariri shairi.

Mama Pasi hakukaa. "Sikuja kuomba makofi, mkurugenzi."

"Tumekusikia, mama. Tutalifanyia kazi."

"Lini?"

Akanyamaza tena, macho kwa mkurugenzi. Mtu akakohoa. Mwandishi wa kikao akabaki na kalamu mkononi, hajui aandike nini. Mkurugenzi akatazama saa, akatazama mlango, akamtazama mwenye stoo. Mwenye stoo hakuulizwa kitu, lakini akashindwa kuvumilia, akasimama.

"Maboksi yapo, mkuu. Katoni arobaini. Yapo stoo tangu mwaka jana, yanasubiri sahihi yako."

"Yagawiwe kesho," akasema mkurugenzi bila kuinua uso.

Na kweli, kesho yake yakagawiwa. Kazi ya dakika ngapi? Kabla ya saa nne asubuhi kila wodi ina maboksi yake ya njano. Chumba cha kufulia wakapeana mikono. Mkunja mashuka hakuwepo. Dawa zilikuwa zimemlaza kitandani.

Wakati wa chai, mashine zimezimwa, wifi akamsogelea Mama Pasi.

"Wifi, jana uliwaambia nini ambacho siku ile hukuwaambia?"

"Hakuna. Ni yale yale."

Wifi akaitazama meza ya mkunja mashuka, mashuka yamerundikana hayana mtu.

"Basi yule baba wamemchoma wao."