Kitufe cha Kuona Nyuma

Kwa miaka kumi na tisa nimefanya kazi chini ya shemeji yangu, na sizungumzii cheo. Yeye alikaa juu, kwenye kibanda cha kreni. Mimi nilisimama chini na kofia ya njano na glovu, namwonyesha kwa mikono: pandisha, shusha, sogea, simama. Yadi yetu ni ya vyuma chakavu na kreni yetu haina ndoana, ina sumaku pana kama meza ya kulia watu wanane. Inanyonya vyuma kutoka kwenye lundo, inavibeba hewani, inavimwaga kwenye lori. Kwenye fimbo ya mkono wa kulia pana kitufe kimoja, pale pale kidole gumba kinapotulia. Ukikibonyeza, sumaku inakufa na kila kilichoning'inia kinakuja chini. Nakitaja mapema ili mtu asije akaniambia sikusema.

Pale yadini shemeji tulimwita Taratibu. Alilipata jina hilo mwaka wa kwanza, kwa sababu madereva wa malori walikuwa wakimaliza sigara mbili kabla hajamwaga mzigo mmoja. Walimtukana, akawapungia mkono. Kabla ya kuteremsha sumaku alipiga honi mara mbili, akasubiri niinue mkono, ndipo akashusha. Siku ambayo sikuinua mkono, hakushusha. Mimi ndiye niliyemwoza dada yangu, au tuseme nilimtetea nyumbani wakati mama alipokuwa anauliza huyu bwana mbona anatafuna tonge moja robo saa. Nilimwambia mama kwamba mtu wa namna hii ndiye namkabidhi kichwa changu kila siku, kwa hiyo dada naye atakuwa salama.

Tatizo letu lilikuwa moja tu, na tulilijua wote wawili. Mzigo ukishafika juu ya lori, unaziba. Mtu aliyesimama nyuma ya tela haonekani tena kutoka kibandani. Ndiyo maana palikuwa na mstari mwekundu chini, na kazi yangu ilikuwa nisiuvuke wakati sumaku imebeba. Taratibu aliuchukia upofu ule. Wakati mwingine tukiwa tunanawa mikono alikuwa ananiambia, "Shemeji, ukipotea nyuma ya mzigo, tumbo langu linakata." Nami nilikuwa namjibu kwamba hilo ni tumbo linalolishwa na dada yangu, limezoea kushiba.

Gemu lilikuja kwenye lundo kama vinavyokuja vyote. Kati ya majokofu na mabati, mkata vyuma, yule anayetumia mtungi na moto wa gesi, aliokota mashine ya kuchezea pamoja na kishikio chake. Mkata vyuma ana mikono ya ajabu. Aliipangusa, akaunga waya hapa na pale, akaifunga kwenye televisheni ya chumba cha chakula, ikawaka. Kuanzia hapo mapumziko yetu hayakuwa ya kula tena.

Kila mtu alikuwa na lake. Mama wa mizani, anayepima malori yakiingia na kutoka, alibaki na simu yake na vile vipipi vya rangi unavyovipanga vitatu vitatu mpaka vipasuke. Alisema siku nzima anapima takataka za watu, kwa hiyo anataka nusu saa ya kitu ambacho akikipanga kinapangika. Msimamizi alicheza mpira, na timu yake ilipofungwa alilaumu kishikio. Mkata vyuma alipenda vita. "Humu nikifa nafufuka," alisema, "kule kwenye mtungi sijaahidiwa." Tulicheka. Mimi sikucheza. Macho yangu yalikuwa yanashinda yametazama vitu vinavyoning'inia, nikifika mezani nataka kutazama sahani.

Taratibu alikataa wiki nzima, halafu akakuta gemu la malori. Unaendesha lori refu kwenye barabara isiyokwisha, kuna milima, mvua, madaraja, na ukichelewa hakuna anayekutukana. Alikaa kitako kama mtu aliyefika kwake. Aliendesha taratibu vilevile, akiwasha taa za kupinda kona hata pasipo na gari jingine, na mkata vyuma akampigia kelele, "Mzee, hilo ni gemu, si mtihani wa leseni!"

Lakini kilichomteka si barabara. Kwenye kile kishikio, upande wa kulia, mahali gumba linapotulia, palikuwa na kitufe cha kubadilisha jicho. Ukikibonyeza mara moja unaliona lori kwa nyuma, mara ya pili unaliona kutoka juu, mara ya tatu unaona kila kilichojificha kandokando ya tela. Siku alipokigundua aliniita nije nione.

"Tazama, shemeji. Naona nyuma. Naona nyuma kabisa, mpaka tairi ya mwisho!"

"Nimeona."

"Ningekuwa na hiki kule juu," alisema, akakibonyeza tena na tena, "ningekuwa nakuona muda wote. Wallahi ningepata usingizi."

Nilifurahi naye, nisiseme uongo. Mtu mzima mwenye mvi anafurahi, unamkatiza ya nini? Alicheza dakika arobaini kila mchana, kisha akafuta mikono kwenye suruali, akapanda ngazi ya kreni, akashika fimbo.

Mwezi haujaisha, injini ya lori ikaanguka. Ilikuwa mara tu baada ya chakula. Sumaku ilikuwa imeibeba, iko katikati ya njia, juu ya uwanja mtupu, hatua kama kumi kutoka niliposimama. Ikaanguka tu. Ardhi ilinipiga miguuni. Taratibu alichungulia dirishani, uso umempauka.

"Umeme umecheza!" akapaza sauti.

Nikaamini, kwa sababu pale kwetu umeme unacheza kila siku. Ila kuna kitu kilibaki kinanisumbua. Umeme ukicheza, taa ya kibandani huzimika pia, na mimi nilikuwa naitazama taa ile. Haikuzimika.

Jumapili nilikwenda kwao kula. Tulikaa barazani, dada yangu akamimina chai, Taratibu akakumbatia kikombe kwa mikono miwili. Mtoto wake wa mwisho alikuwa anakimbia nyuma ya ukuta, anatokea, anapotea. Kila alipopotea, gumba la baba yake liligonga kikombe. Tap. Mtoto akitokea, linatulia. Akipotea, tap. Nilitazama mara nne, mara tano, chai yangu ikapoa. Dada yangu aliona ninachotazama, akacheka.

"Siku hizi ndivyo alivyo. Tukitembea amenishika mkono, tukifika kona ananibonyeza. Nikadhani ananitongoza upya."

Yeye alicheka, mimi nikaweka kikombe chini. Kesho yake, wakati wa chakula, sikukaa mezani. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikatazama kidole badala ya televisheni. Kila kona, gumba. Kila kilima, gumba. Chochote kikizibwa, gumba lilikwenda lenyewe, na macho yake hayakujua. Ndipo nikaelewa injini ile iliangushwa na nini.

Nilimvuta pembeni, penye matairi. Nilimwambia bila kuzunguka, mimi si mtu wa kuzunguka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakasirika kama nilivyowahi kumwona mara mbili tu maishani.

"Yaani mimi nikuue wewe? Mimi? Halafu nikamwambie nini dada yako?"

"Sijasema utaniua. Nasema kidole chako kimejifunza kitu."

"Kidole changu kina miaka kumi na tisa kwenye ile fimbo."

"Na mwezi mmoja kwenye kile kishikio cha gemu."

Alilitazama gumba lake. Halafu akasema basi, anaacha, na kweli aliacha. Alimkabidhi mkata vyuma kishikio, akarudi kula taratibu, na kwa siku nane hakukigusa. Nilipaswa kwenda kwa msimamizi nikamwambia mtu huyu ashuke, akae chini hata mwezi, mpaka mkono usahau. Sikwenda. Msimamizi angemtoa siku hiyohiyo na asingemrudisha, na dada yangu ana watoto wanne. Nikajiambia siku nane zinatosha. Hilo ni kosa langu, simgawii mtu.

Ilikuwa Alhamisi, saa tano asubuhi, jua limetulia, hakuna haraka yoyote. Sumaku imebeba nondo na mabomba ya kama tani mbili, iko juu ya tela. Nikiwa kwenye mstari mwekundu nikaona mtungi wa gesi umelala mkiani mwa lori, katikati ya mabati. Mtungi ukifika kwenye tanuri la kuyeyushia unapasuka na kuua watu. Nilifunga ngumi: simama. Taratibu akasimamisha. Nilitakiwa nimwonyeshe asogeze mzigo pembeni kwanza. Lakini alishasimama, na mimi nilishamzoea kwa miaka kumi na tisa, nikavuka mstari nikazunguka nyuma ya tela.

Mtungi ulikuwa umenasa. Niliushika kwa mikono miwili, nikavuta. Nikasikia honi, mara mbili. Ananiuliza niko wapi. Sikuwa na mkono wa kuinua. Nikasema moyoni, subiri kidogo, shemeji, nakuja. Honi ikalia tena mara mbili, na mara hii ilikuwa ndefu zaidi.

Sumaku ikifanya kazi ina mngurumo, mtu akiuzoea hausikii tena. Niliusikia ulipokoma.

Mguu wa kushoto waliukata chini ya goti. Nilipozinduka vizuri, msimamizi alikuwa amekaa kando ya kitanda na karatasi ya ripoti, anapepea nayo kama feni. Alikuwa na haraka ya kuimaliza.

"Chanzo ni nini? Mimi naona umeme. Ulikatika, au?"

Mlangoni alikuwa amesimama dada yangu, kanga imeloa machozi, hathubutu kuingia. Nilimtazama yeye, sikuitazama karatasi.

"Umeme," nikasema. Nikasaini.

Taratibu alikuja kesho yake. Hakukaa. Aliinamisha kichwa mpaka nikaona utosi wake, akalia kama mtoto, wagonjwa wengine wakageukia ukutani kumsitiri.

"Nilikutafuta, sikukuona," alisema. "Nilikupigia honi hukujibu. Nilitaka kukuona tu, shemeji. Nilitaka kukuona."

Kulikuwa na hasira kifuani mwangu, sifichi, hasira ya mtu anayeamka na kukuta shuka limelala bapa pasipo na mguu. Lakini nani atamkasirikia mtu kwa hilo? Nilimshika bega. Aliapa hapandi tena ile ngazi, hata wampe nini. Nikaona basi, yameisha, karatasi ile haitamdhuru mtu. Sikumwambia nilisaini nini.

Siku kumi baadaye, Jumamosi, walikuja wote wawili. Nilimsikia Taratibu tangu koridoni, anawasalimia wauguzi kwa sauti ya juu, yeye ambaye huongea chinichini. Aliingia amenyoa, amevaa shati la kupigwa pasi. Dada yangu alikuwa nyuma yake anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Shemeji, wameupata!" alisema kabla hajasalimia. "Wameupata waya!"

"Waya gani?"

"Uliokatika! Msimamizi alimwambia fundi umeme atafute mpaka aupate. Upo nyuma ya kibanda, umeliwa na panya, nimeuona kwa macho yangu. Kumbe ni umeme. Haikuwa mimi!" Alicheka, akafuta macho kwa kiganja. "Siku zote hizi najichukia bure. Haikuwa mimi, shemeji."

"Mungu ametutazama," dada yangu akasema.

Waya ule naujua. Ni wa feni. Feni ya kibandani haijazunguka kwa miaka sita, na siku ilipokufa ni mimi niliyepanda kuufunga ule waya pembeni kwa utepe wa gundi. Haujawahi kwenda kwenye sumaku.

"Wameshabadilisha," Taratibu aliendelea, "kila kitu kipya. Jumatatu saa mbili naanza. Mkata vyuma amekubali kusimama mahali pako, mpaka mambo yako yakae sawa. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, nitampigia honi kama nilivyokuwa nakupigia wewe."

Alivuta kiti akakaa. Dada yangu alifungua chupa ya chai, akanijazia kikombe kwanza, kisha akamjazia yeye, akasema amepungua mno, sasa atakula. Nilimwangalia mumewe. Nilikuwa sijamwona na furaha ile tangu siku ya harusi yao, na mtu wa kumvua furaha hiyo nilikuwa mimi.

"Dada," nikasema, "hebu tupishe kidogo."

Alinitazama, akatazama mguu uliobaki, akadhani nataka chombo cha kukojolea, akatoka. Nikasubiri pazia litulie.

"Shemeji, ile karatasi ya umeme niliisaini mimi," nikasema. "Umeme haukukatika."

Aliendelea kutabasamu kidogo, kama mtu ambaye hajasikia vizuri.