Nyusi za Mzee Bureua

Asubuhi na jioni Mzee Bureua alikuwa akipanda minazi yake kugema tembo, na huko juu aliimba, kama wagema wote wa kisiwa chetu wanavyoimba, ili walio chini wajue kuna mtu juu yao. Sauti yenyewe ilikuwa mbovu. Miaka thelathini nimekuwa jirani yake, na miaka thelathini nimempigia kelele: "Mzee, shuka, tembo litachacha kwa wimbo huo!" Sasa hajapanda tangu mwaka jana, na asubuhi zangu zimekuwa kimya hata sizipendi.

Hakuwa mtu wa maneno. Mkewe, Nei Aana (Nei kwetu ni kama Bi), ndiye aliyekuwa akiongea kwa niaba ya nyumba nzima. Mzee ukimuuliza, "Umekula?" anainua nyusi. Basi, amekula. "Mvua itanyesha leo?" Anainua nyusi, nawe unakwenda kuanua nguo. Hapa Kiribati hatupotezi mdomo kusema ndiyo wakati uso upo.

Sukari ndiyo iliyomuua Nei Aana. Binti yao wa pekee, Rakera, anafanya kazi Oklandi, huko ng'ambo, na hakupata ndege ya kumleta mazikoni. Baada ya hapo akawa anapiga kila Jumapili watu wakitoka kanisani, kwenye simu yangu, maana mzee hana. Nilikuwa nampa simu kisha naenda zangu jikoni. Sina umbea kiasi hicho, watu waseme watakavyo. Jumapili moja niliporudi nikamkuta ameshika simu iliyokatika.

"Kasemaje?" nikauliza.

"Kauliza kama nimemsamehe, kwa kutokuja kumzika mama yake."

"Nawe?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kama bahari ina chumvi. "Si mwanangu? Nimemsamehe. Akalia, akakata."

Tangu siku hiyo Rakera hakupiga tena. Kila Jumapili mzee alikuja na shati lake jeupe la kanisani, akakaa barazani kwangu akiitazama simu, kisha akaondoka bila kuaga. Mara moja tu alisema, "Nimemsamehe, naye akanitupa." Nikampa samaki.

Halafu ukaja mguu. Alikanyaga tumbawe ufukweni asisikie kitu, kwa kuwa naye ana sukari, na nyayo zake zilikwisha kufa ganzi zamani. Mimi ndiye niliyeona damu kwenye mkeka.

"Mzee, mguu!"

"Wa nani?"

Kidonda kikakataa kupona. Kliniki yetu haina daktari. Kuna muuguzi mmoja, na kila Alhamisi kuna simu ya daktari wa Brisbane anayejitolea kuwahudumia wagonjwa wa sukari wa visiwa vya mbali. Muuguzi wa wakati ule alikuwa mstaarabu kupita kiasi. Alikuwa anakupa simu, anatoka nje na kufunga mlango, ili uzungumze siri zako bila aibu. Mzee alikwenda Alhamisi tatu. Kila mara alirudi akakaa kungoja dawa, na dawa hazikuja.

Kidonda kikaanza kunuka. Mzee akaacha kuja kwangu hata Jumapili, kwa kuona haya. Nilimpelekea wali, nikauacha mlangoni kama alivyotaka, na jioni nilikuta sahani imeoshwa. Niliwahi kusimama pale nje nikilia kwa hasira, na sikujua namkasirikia nani.

Mwezi wa nane akaja muuguzi mpya, Nei Oreba, mwanamke mnene mwenye haraka zake. Siku ya tatu alifika mlangoni kwa mzee na faili mkononi, nami nyuma yake.

"Mzee, humu wameandika hujibu maswali, hutaki matibabu."

"Nani kasema?" Mzee alikuwa na uchungu kweli. "Wao ndio hawanitaki. Nimewajibu mara tatu."

Alhamisi tukampakia kwenye toroli, nikamsukuma mwenyewe hadi kliniki. Nei Oreba hakutoka nje. Alikaa mbele ya mzee, akaweka simu mezani, sauti juu, tusikie sote. Daktari alikuwa anauliza, na mkalimani, mwanamke wa kwetu aliyehamia huko akiwa mdogo, anatafsiri.

"Mzee, nyayo zina ganzi?"

Mzee akainua nyusi.

"Mzee, unanisikia?"

Akaziinua zaidi.

"Unakubali tukutibu?"

Nyusi zilipanda karibu kufika kwenye nywele, na macho yalikuwa yanaomba.

"Hajibu, daktari," ikasema simu. "Kama kawaida."

Nei Oreba akajipiga paji la uso. "Anajibu! Jamani, amesema ndiyo mara tatu!"

Mkalimani akasema polepole, "Mungu wangu. Nyusi. Mama yangu hufanya hivyohivyo."

Daktari hakujitetea. Aliomba radhi, akataka asomewe majina yote yaliyoandikwa "hajibu". Yalikuwa kumi na moja, na la nne lilikuwa langu. Mimi! Nilipokwenda kwa ajili ya sukari yangu, niliinua nyusi mpaka kichwa kikaniuma. Wawili katika wale kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kuzikwa, na hilo sijalisamehe mpaka leo. Siku hizi hakuna anayeachwa peke yake na ile simu. Muuguzi hukaa mbele yako na kumwambia daktari uso wako unasema nini, na picha ya kidonda hutangulia. Insulini ikaja kwa ndege. Mzee alikatwa vidole viwili, mguu ukabaki, ingawa kupanda mnazi ndiyo basi tena.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, simu ya daktari ilipokatwa, mzee hakuondoka kitini. Alimtazama Nei Oreba.

"Kwa hiyo kwenye simu," akasema, "nyusi hazionekani?"

"Hazionekani, baba."

"Hata Oklandi?"

Hapo ndipo na mimi nilipoelewa. Jumapili zote zile nilikuwa jikoni. Nikatoa simu yangu, nikatafuta jina la Rakera. Niliweka sauti juu, nikampa mzee; iliita sana kabla hajapokea.

"Baba? Ni wewe?"

Mzee akainua nyusi. Nikamfinya mkono kwa nguvu zangu zote.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo."

"Ndiyo nini, baba?"

"Lile uliloniuliza. Nilikujibu siku ileile."

Rakera hakusema kitu. Tulisikia mashine za kazini kwake zikinguruma, basi. Mzee akaibana simu sikioni kwa mikono miwili, akasubiri, kisha akanigeukia na hofu usoni.

"Unadhani ameinua nyusi?"